Mbegu za Lenga-lenga Kwenye Kisahani

Ilianza Jumatano, saa nane na dakika kumi mchana, mwaka wa 1996, nilipofungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu nianze wiki yangu ya stage, yaani mafunzo ya kazi.

Shule ilinituma kwenye maabara moja mtaa wa Woluwe, huku kwa Wazungu tulikohamia. Madame, bosi wa pale, alikuwa anachunguza udongo wa shimo la taka za jikoni, kutoka mji uliojengwa na Wahispania kule Amerika, miaka mia tatu na kitu iliyopita. Mimi nilitazama kwenye hadubini na kutenga kwa kibano kila mbegu iliyoungua. Ngano tuliipata, mahindi pia. Madame alitaka kujua kama watu wa jiko lile walikula pia mboga za wenyeji, na ile ndiyo ilikuwa sampuli ya mwisho.

Siku hiyo nikaona kwenye kisahani vimbegu tisa, vyeusi, vya mviringo.

"Lenga-lenga," nikasema.

"Pardon?"

"Ni mboga ya majani, Madame, kama mchicha. Mama anaipanda kwenye balkoni, nyumbani kwetu Koekelberg."

Akainama kuangalia, akanishika bega. "Mais oui! Ndiyo yenyewe, hata wenyeji wa kule waliila! Umetuokoa, mtoto."

Nusura nilie kwa furaha. Nikatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa, maana nilikuwa na mafua, vidole vikagusa mbegu.

Mama zetu wa Kivu wakitoka misa hugawiana mbegu, wamezifunga kwenye kipande cha nailoni. Fundo la mama, ambalo tangu Jumapili nilisahau kumpelekea maman mmoja wa kwaya, lilikuwa limefunguka. Kila nilipotoa kitambaa, mbegu zilitoka nacho, zikaangukia kisahani. Na koti sikulivua siku zote tatu, kwa sababu niliona aibu kuuliza linatundikwa wapi.

Karibu saa nzima nilikifuta na kukifuta tena kibano changu. Madame anaandika matokeo, anaimba-imba. Nikinyamaza, ninabaki yule mtoto aliyewaokoa. Nikisema, labda wananirudisha shule. Lakini alikuwa anaandika kwamba watu wale walikula mboga ambayo pengine imetoka kwenye balkoni yetu.

"Madame, nadhani ni za mama."

Nikamwonyesha fundo. Akaweka kalamu chini, akashusha pumzi. "Bon. Tuzipasue."

Kwa nje zote zilifanana. Mbegu mpya ni nyeupe ndani, akaniambia, iliyoungua ni nyeusi mpaka katikati. Akachukua sindano. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe tena, mpaka ya sita. Ya saba, nyeusi! Ya nane, nyeupe. Ya tisa, nyeusi.

"Mbili ni za shimo kweli, zinatosha," akasema, na sasa alikuwa anacheka. "Na kesho uniletee hizo za mama yako, nizitumie kulinganisha."

Jioni mama alicheka mpaka akakaa chini. "Bazungu banaomba lenga-lenga yangu? Ubaambie kwanza baipike na nyanya!" Lakini alichambua mbegu moja moja, akanipa zile zinazong'aa zaidi.

Asubuhi yake nilifika mapema. Nikauliza makoti yanatundikwa wapi, nikatundika langu. Halafu nikampa Madame bahasha niliyoiandika mwenyewe: lenga-lenga, balkoni ya mama, Koekelberg.