Vigawo vya Milioni Moja na Moja

Juzi mwanangu aliniuliza namba tasa ni nini. Nilimjibu vizuri tu, kwamba ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, kisha nikatoka nje. Wewe nitakueleza kwa nini.

Miaka ile mitumba ilipoanza kujaa Himo, nilikuwa msichana wa darasa la saba huko Kilema. Asubuhi bibi alitupa mtori wa ndizi wa moto, na jioni nilikata majani ya ng'ombe pamoja na binti wa jirani, niliyekaa naye dawati moja. "Ng'ombe hajui Jumapili," bibi alikuwa akisema.

Siku moja mwalimu wa hisabati aliandika ubaoni 1,000,001. "Ni tasa au si tasa? Atakayenionyesha kwa hesabu, nitamfundisha mwenyewe kila jioni mpaka mtihani." Kwetu waliochaguliwa kwenda sekondari walikuwa wachache mno, kwa hiyo kila mtu alichukua kalamu. Tuligawanya kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, tukachoka, tukasema ni tasa.

Binti wa jirani hakuchoka. Kila jioni, akishatua mzigo wa majani, alishika mkaa akagawanya kwenye mbao za zizi: kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa, akapanda hivyo hivyo, tasa moja baada ya nyingine. Siku ya tano nilimkuta anacheka peke yake.

"Mia moja na moja," aliniambia. "Inaingia mara elfu tisa mia tisa na moja, baki hakuna. Kesho nikishapeleka maziwa nitamwambia mwalimu."

Kesho yake alipeleka maziwa. Mimi nilikimbia kwa mwalimu.

Yeye alipoingia darasani, jibu lilikuwa ubaoni na mwalimu ananisifu. "Mwalimu, hilo nimelipata mimi," alisema. Mwalimu akanigeukia. "Ni kweli?"

"Si kweli, mwalimu."

Alichapwa viboko vinne kwa kuchelewa na kwa uongo. Hakulia. Jioni alikata majani ng'ambo ya mfereji, na upande wangu hakurudi tena. Mimi nilifundishwa, nikafaulu. Yeye alibaki.

Mwaka jana nilikwenda kumzika bibi. Binti wa jirani, sasa mama wa watu, alikuwa jikoni akimenya ndizi za msiba. Nilichuchumaa kando yake nikamwambia yote.

"Najua," alisema bila kuinua macho. "Nilidhani utasema mwenyewe. Nilikungoja mpaka matokeo yakatoka, ndipo nikaacha." Akanisogezea kisu kingine, tukamenya wote.

Kihamba cha bibi, lile shamba la migomba, sasa hakina kahawa, zizi limevunjwa, na watoto wanakunywa maziwa ya pakiti. Mwalimu alishafariki, na mpaka anafariki alikuwa akiwasimulia wanafunzi wake habari zangu, kwamba aliwahi kufundisha msichana mmoja mwenye subira ya ajabu. Hakuna tena wa kumwendea nikamwambia jina la kweli la msichana huyo.