Siku za Bandarini Si Likizo

Ijumaa hiyo, ibada ilipokwisha kanisani Mesaimeer, jijini Doha, rafiki yake Fiona alimdaka Jeptoo kabla hajafika langoni.

"Mama Tiffany, umetoka Ulaya na hata picha hututumii? Ama siku hizi unaongea Kigiriki tu?"

Jeptoo alicheka, maana kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza, akampa simu. Fiona akapekua, akarudia. Picha zote zilikuwa za kisogo cha mzee mmoja na kiti cha magurudumu.

"Haki ya nani! Na bahari iko wapi?"

"Iko hapo mbele yake. Ameikinga."

Huyo mzee walimwita Nahodha, na kweli aliendesha meli za mizigo hadi magoti yalipomshinda. Binti yake, Madam, alifanya kazi Doha, na ndiye aliyemwajiri Jeptoo amtunze. Kiangazi hicho waliandamana wote watatu kuzuru kijiji alikozaliwa mzee, bandari ndogo ya Ugiriki yenye nyumba nyeupe za manahodha wa zamani na ngazi za mawe kila upande. Kijiji kimya, kizuri. Jeptoo alikijua kwa mgongo wake. Kila asubuhi aliteremsha kile kiti kidato kwa kidato hadi kanisani, mzee akatazame meli ndogo ya mbao iliyoning'inia darini. Babu yake mzee ndiye aliyeichonga, kumshukuru Mungu kwa kumtoa hai kwenye dhoruba. Jioni Jeptoo alimpandisha tena. Usiku alimgeuza kitandani.

Siku moja wakiwa gatini, mzee alisema, "Watu wa hapa walinionea wivu, eti nimeona dunia. Niliona kamba na shehena. Siku za bandarini si likizo, mwanangu. Ndipo kazi inapozidi. Binti yangu alizaliwa nikiwa safarini. Niliporudi alikuwa anatembea. Aliponiona, alikimbia."

Jeptoo alimkumbuka binti yake mwenyewe. Tiffany wake alikuwa bado anavaa sare ya shule alipomwacha Kapsabet kwa nyanyake. Sasa alikuwa anaposwa. Koito, siku ambayo wazee wa pande zote mbili huketi kukubaliana mahari, ilikuwa mwezi uliofuata, na mtoto alikuwa ameuliza swali moja tu: "Mami, usipokuja nitaketi na nani?"

Basi Ijumaa hiyo aliporudi kutoka Mesaimeer alimfuata Madam jikoni, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

"Lakini Jeptoo, si juzi tu umetoka likizo?" Madam aliendelea kukatakata nyanya. "Pwani nzuri namna ile! Wenzako wanaitamani."

Neno "sawa" lilimfika Jeptoo mdomoni. Alikuwa amelisema miaka mingi, na kwa uchovu aliokuwa nao lingetoka lenyewe. Akakumbuka zile picha za kisogo.

"Siku za bandarini si likizo, Madam."

Kisu kikasimama. "Nani amekuambia maneno hayo?"

"Baba yako mwenyewe."

"Ni kweli," sauti ya mzee ikatoka sebuleni. "Mama yako alijua. Na wewe ulinikimbia."

Madam alizima jiko, akavuta kiti, akaketi.

"Nilidhani ni mgeni, Baba," alisema. "Nenda, Jeptoo. Nitatafuta mtu wa kukushikia kazi."

Jeptoo alishukuru. Alingoja furaha ije, lakini alichosikia ni miguu kuuma tu. Akaingia chumbani mwake, akavua viatu, akapiga simu nyumbani.

"Nakuja," alisema.

Tiffany alipiga kelele hadi nyanyake akauliza kuna nini. Kisha, akihema kwa furaha, akasema, "Mami, usiwe na wasiwasi wa kulala. Tutakutandikia kile chumba cha wageni."

Jeptoo alitazama viatu vyake sakafuni.

"Sawa, mwanangu," akasema.