Kituo cha Mosocho Kisichokuwa na Reli

Mwanangu, kabla hujasafiri nisikilize: nakumbuka siku niliyoshuka Mosocho na sanduku la mbao, miguu imevimba kwa kukaa. Nilitoka kwetu Voi kwa gari la moshi hadi Nairobi, nikabadilisha gari hadi Kisumu, halafu basi likanipitisha Ahero, Sondu na Oyugis mpaka kwenye milima ya Kisii. Baridi ya huko ilinikuta na shati la mikono mifupi. Nilikuwa nimeambiwa kwamba naenda kuwa karani wa kituo cha reli. Nikaangaza huku na huku nikiitafuta hiyo reli. Haikuwapo.

Kulikuwa na kijumba cha mabati kando ya barabara, ghala dogo ubavuni, mizani, benchi moja, na kipande cha reli kilichoning'inia mtini kwa waya. Nikiliona basi linapanda mlima, nilikigonga kwa nyundo, na watu wakashuka kutoka mashambani.

“Karani,” aliniuliza Kemunto, mama aliyeuza ndizi mbivu pale nje, “hiyo reli yenu ililiwa na nani hata kikabaki kipande?”

Lakini usikidharau kituo kile. Miaka ya sitini, mtu alikata tikiti dirishani kwangu ya kumfikisha Mombasa au Kampala, basi likampeleka Kisumu akalikuta gari la moshi linamngoja. Tulituma mikungu ya ndizi, magunia ya pareto, vinyago vya mawe kutoka Tabaka, na kuku hai ndani ya matenga. Tulipokea cherehani, baiskeli, na vijana wa likizo waliovaa miwani ya jua hata kukinyesha.

Na kila basi lilipokuja, isipokuwa Jumamosi ambayo ni Sabato yake, Mzee Ondieki wa kule juu mlimani alikuwapo kwenye benchi. Alikuwa akimngoja Osoro, mwanawe wa pekee, aliyeosha mabehewa Nairobi na hakuwa amerudi tangu alipooa huko. Osoro alituma salamu, alituma sukari, na kila mara alituma neno kwamba atakuja Desemba.

Siku moja nilimwonea huruma. “Mzee, kwa nini unajitesa? Nikukatie tikiti, uende ukamwone.”

Benchi lote lilicheka. Kemunto akajifunika uso kwa leso.

“Kijana wa Voi,” akasema mzee, yeye hakucheka, “Osoro anaishi chumba kimoja na mke wake. Nikifika nitalala wapi?”

“Hapo hapo, mzee. Si ni mwanao?”

“Kwa sababu ni mwanangu, siwezi. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ndiyo heshima yetu, tunaiita chinsoni. Ukikaa na watu, uliza kwanza kabla hujawasaidia.”

Niliona aibu, nikajitia kufuta mizani. Baada ya muda akanyoosha fimbo yake kuelekea ghalani. “Ile ni nyumba ya nani?”

“Si ya mtu, mzee. Ni ya mizigo.”

“Basi akija utatufungulia. Kule nyumbani watu watajaa, naye kwa heshima hiyo hiyo atakaa mbali nami, karibu na mlango. Hapa nitaketi karibu naye nimtazame uso.”

Nikamwahidi. Desemba ikaja, ikapita. Nyingine ikaja, nayo ikapita. Mzee akaanza kuegemea ile fimbo aliyokuwa akiibeba tu.

Alasiri moja ya mvua kubwa nililiona basi likipanda, nikaigonga reli kama kawaida, bila kujua limebeba nini. Mzee alikuja mbio kwa mlio wangu, koti limelowa. Juu ya basi, kati ya magodoro na matenga, palikuwa na jeneza. Osoro alikuwa amekufa kwa nimonia, na wenzake wa kazini walikuwa wakimleta.

Njia ya kupanda kwao ilikuwa utelezi mtupu, isingewezekana kumbeba mpaka mvua ikatike. Kemunto aliangua kilio. Mzee hakulia. Aliniambia tu, “Karani, fungua ghala.”

Tuliliweka jeneza juu ya magunia ya pareto. Mzee akavuta kasha, akaketi karibu, goti lake likigusa ubao. Alizungumza kwa Ekegusii, polepole, kama mtu anayemuuliza msafiri habari za njiani. Neno moja nililielewa, mbuya, ambalo ndilo jibu la salamu, yaani njema. Alikuwa akisalimu, akingoja kidogo, kisha akijijibu mwenyewe.

Baada ya mazishi aliendelea kuja. Hakuna aliyemuuliza anamngoja nani. Kisha lami ikafika, magari yakawa mengi, abiria wangu wakapungua, mpaka likaja neno kwamba kituo kinafungwa. Mimi nilikuwa nikiwaza kwenda Tanga, au Kampala, popote palipo na kazi.

“Voi umemwacha nani?” mzee akaniuliza.

“Mama.”

“Huenda stesheni kukungoja?”

“Sijui, mzee.”

“Huenda,” akasema.

Tikiti ya mwisho iliyokatwa Mosocho nilijikatia mwenyewe, ya Voi. Kemunto alinirushia kichane cha ndizi dirishani. “Mpe mama, na usizile njiani!” Basi lilipoanza kuondoka, Mzee Ondieki aliichukua nyundo akaigonga reli. Nikawaona watu wakitoka mashambani, wakishuka kuja kutazama nani amefika.

Sikurudi tena Mosocho. Nimetangatanga miji mingi baada ya hapo, na siwezi kukukataza safari, kwa kuwa hata mimi sijatulia. Ninalokuomba ni hili: usimwambie mzazi wako Desemba. Mtajie siku, na siku hiyo ushuke. Zijue mila zinazomzuia kukufuata uliko, kwa maana huenda mwendo wote ni wako. Keti karibu naye, akutazame uso, akusalimu, nawe umjibu kwa kinywa chako mwenyewe.

Nenda mwanangu. Mola akulinde barabarani, na siku utakaposhuka, umkute anayekungoja bado ana nguvu za kuinuka kutoka kwenye benchi.