Karibu ya Mtu Mmoja

Siku hiyo nilikuwa natahiniwa. Kwa muda mrefu nilikuwa nikifuata nyuma ya watembeza wageni wa magofu ya Gede, nikisikiliza tu. Asubuhi hiyo mkuu wetu, mama mcheshi lakini mkali, akaniambia, "Leo unatangulia wewe. Wageni wakitoka wameridhika, kazi ni yako. Ukiniharibia, rudi Vitengeni ukalime."

Shule sikufika mbali, na shamba la kwetu nalijua. Kazi ile niliitaka sana.

Wageni walikuwa familia moja ya bara, watu sita. Baba yao alikuwa na mzaha mwingi. Niliwapitisha msikitini, nikawaonyesha kisima, nikawaambia kwamba mji huu ulikuwa na wafalme wake na hakuna ajuaye kwa hakika kwa nini watu waliuhama. Naona nilijitahidi.

Nyuma ya kasri ipo nyumba moja ambayo sisi watembezaji hatuiingii bila kupiga hodi. Si sheria ya serikali, ni desturi yetu tu. Majumbani mwetu ukikosa jibu unarudi. Pale ukikosa jibu ndipo unaingia.

Nikapiga hodi. Kima waliokuwa wakigombana mtini wakanyamaza. Kisha nikasikia ndani, upande wa chumba kisicho na dirisha: "Karibu."

Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa ya mtu aliyekuwa akikungoja, ameshainuka kitini.

Mguu wangu ulikuwa umeshavuka kizingiti. Nikaurudisha. "Hapa leo hatuingii," nikasema.

Yule baba akaangua kicheko nyuma yangu. "Dada, ni mimi nimekujibu! Mzaha tu."

"Utamtoa mtoto wa watu roho," mkewe akamgombeza.

Nilijua ninachokipoteza. Hata hivyo nikawazungusha kwa nje.

Getini walimweleza mkuu wangu kwamba nyumba moja hawakuingia. Sitawaonea, walisema kwa upole. Akanivuta kando.

"Nani alijibu?"

"Baba huyu anasema ni yeye."

"Sikukuuliza anasemaje. Wewe ulisikia nini?"

"Karibu."

"Karibu, au karibuni?"

Nikafikiri. Sikutaka kumsingizia mtu, wala nyumba. Watu wa bara wengi hawajali, hata umati huuambia karibu. Lakini mwenyeji wa nyumba kama ile, akiona watu saba mlangoni, atasema karibuni.

"Karibu," nikarudia. "Ya mtu mmoja."

Mkuu akamgeukia mgeni. "Baba, hebu jibu tena kama ulivyojibu kule."

Yule baba akajikohoza, akatanua kifua. "Karibuuuni! Mama mkwe wangu ni wa Kilifi. Nikikosea hiyo, chakula sipewi."

Wote wakacheka. Mkuu wangu hakucheka. Walipokwisha kuondoka akaniambia, "Kazi umepata. Lakini nyumba ile usiingie. Wageni wataingia, wewe ngoja nje."

"Kama kuna hatari, mbona wao waingie?"

"Wao hawakuitwa."

Sijui. Huenda yule baba alisahau alivyotamka. Huenda sikio langu lilidondosha kipande cha neno, maana nilikuwa na woga tangu asubuhi. Sina ushahidi, na nyumba ile haijanitendea ubaya.

Nafanya kazi hiyo hadi leo. Mlangoni pale bado napiga hodi, ni adabu, halafu nawapisha wageni wapite. Ila nimeongeza maneno, na wengine hunicheka kwa ajili yake. Nasema, "Hodi. Tuko wengi."