Chumba cha Chini cha Wifi

Nikopesheni masikio, nitayarudisha yamejaa. Habari ni ya mjukuu wangu, fundi cherehani, tunayemwita Sindano: mwembamba, na ulimi wake unachoma. Miguu yake iligoma tangu utotoni, kwa hiyo cherehani yake ni ya kuzungusha kwa mkono. Mume wake haoni. Yeye husuka viti vya kamba, na vidole vyake vinajua mambo ambayo macho ya wengi hayajui.

Walipanga ghorofa ya tatu, maana ndiko mfuko wao ulikofika. Ngazi thelathini na nane. Mjusi mwenyewe akifika juu hukaa kwanza apumue. Kila asubuhi mume alimbeba mgongoni, na Sindano akamwongoza: shuka, shuka, kona, kuna ndoo ya mtu. Kiti chake cha magurudumu kiliwangoja chini, kimefungwa kwa mnyororo. Miaka sita hawakujikwaa hata mara moja, kwa sababu neno la mke ndilo lilikuwa jicho la mume. Akisema kuna ndoo, ndoo ipo.

Lakini mgongo wa mtu si lifti. Wakaanza kutafuta chumba cha chini. Wengine huenda kwa madalali na maneno matamu. Sindano alikwenda na tepu ya kupimia shingoni. Kiti kilitaka mlango wa inchi ishirini na nane, akapima milango ya mji mzima kama anayeishonea suruali. Dalali mmoja aliwapeleka kwenye chumba chembamba hivi kwamba ukitaka kubadili mawazo lazima utoke nje. Mwingine alikuwa na chumba kizuri kwenye simu, ila alipoona kiti na fimbo, chumba kikapata mpangaji papo hapo. Mama mmoja mwenye nyumba aliuliza ni nani atakayefagia. Sindano akamjibu atafagia huyo huyo atakayelipa kodi, wakaondoka.

Sasa njooni penye moto. Ng'ambo ya barabara alikaa wifi yake, dada wa mume. Wifi ana miguu miwili mizima, anaruka mitaro kama mbuzi, na ni yeye aliyekalia chumba cha chini. Zamani kilikuwa duka, kwa hiyo mlango wake ulikuwa wa mbao mbili zinazofunguka huku na huku. Sindano aliupima kwa macho kutoka dirishani: inchi arobaini na nane. Hakuna kizingiti, bomba la maji lipo hatua tatu tu, na kodi ni nafuu. Wivu ulimpanda mjukuu wangu mpaka pasi yake ikawa haihitaji mkaa. Aliitazama nguo tu, mikunjo ikakimbia. Alipomshonea wifi gauni alibana kiuno inchi moja, kisha akamwambia amenenepa. Mimi niliona. Nilicheka nyuma ya mtandio.

Mume alipouliza mbona hawaendi kumtembelea dada yake, Sindano akamwambia kule mvua ikinyesha maji hufika magotini, na kuta zimeota ukungu. Tena asimuulize dada mtu, atamtia aibu. Mume akamwonea dada yake huruma, hakumuuliza kitu. Kila wiki Sindano aliongeza kidogo. Mara panya, mara chura amehamia chini ya kitanda. Uongo ule ulimpoza moyo kama maji ya mtungi.

Siku moja wifi akapanda ngazi, anahema. Amepata nyumba upande wa pili wa mto, anahama. Amemwomba mwenye nyumba chumba chake apewe kaka yake kwa kodi ile ile, ila muuza simu naye anakitaka, kwa hiyo jibu litoke Jumamosi kabla ya saa sita. Mume akashukuru kwa adabu. Dada alipotoka, akasema, "Mimi sihamii bwawani. Huku juu ni mbali lakini ni pakavu."

Sindano akasema labda maji yamekauka, labda mwenye nyumba ametengeneza. Mume akatikisa kichwa.

"Wewe ndiye uliyeona."

Ijumaa hakushona hata kifungo. Akanivuta pembeni, eti bibi mwambie umekwenda kukikagua mwenyewe. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mimi nadanganya ili watu wacheke. Wako huo umeshaota mizizi, ung'oe mwenyewe."

Jumamosi asubuhi nilikuwa nyuma yao kwenye ngazi. Walipofika ya ishirini, mjukuu wangu akasema kutoka mgongoni, "Simama. Chumba kile ni kikavu. Hakijawahi kuingia maji. Nilimwonea dada yako wivu."

Mume akasimama, mkono ukutani. Akauliza, "Na chura?"

"Hakuna chura."

"Na ile ndoo ya hapa kwenye kona?"

"Ndoo ipo."

Akanyoosha mguu, akaigusa. Ngazi kumi na nane zilizobaki alizishuka akipapasa kila moja kwa ncha ya kiatu, kama mtu asiye na yeyote mgongoni. Nilimwona Sindano akiuma midomo.

Kule chumbani kwa dada yake, mume alivua viatu, akatembea kona hadi kona, akapitisha kiganja ukutani. Mwenye nyumba akauliza kama wameridhika. "Mimi nimeridhika," akajibu, na mke wake hakumtaja. Wakapewa ufunguo mbele ya muuza simu.

Sindano aliingia kwa magurudumu yake bila kukwaruza kiwiko. Angepaswa kufurahi kama bibi harusi. Lakini kwa wiki tatu kila alichomwambia mumewe, mume alikithibitisha kwa fimbo kwanza. Akimwambia kiti kipo kushoto, tak tak, ndipo anakaa.

Kisha tukaenda kuiona nyumba ya wifi. Ina baraza, jiko la peke yake, na mlango ambao ungepitisha ng'ombe wawili wanaogombana. Wivu ulimkaba mjukuu wangu, nikaona shingo inavimba. Mume akainama sikioni kwake, nami masikio yangu yana miguu.

"Ikoje?"

"Nzuri," Sindano akasema.

"Kuliko yetu?"

"Kuliko yetu. Mbali sana."

Mume akatia fimbo kwapani, akashika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili. "Haya, niongoze tuingie."