Pweza wa Baba, Kitovu cha Mdogo Wangu

Baba alikuwa mwalimu wa biolojia, na mdomo wake haukuwa na mlango. Ninalisema hili kwanza kwa sababu watu wa kwetu wakimsimulia humfanya mtakatifu, nami nakasirika. Alikuwa mtu wa mzaha. Angenyamaza siku moja tu, labda ningeandika mambo mengine.

Pweza alimpata kwa Mzungu aliyekuwa na funguo za maabara ya shule. Uhuru ulipokuja, halafu Katanga ikajitenga na Kongo, Mzungu yule alifunga masanduku yake akaondoka, na chupa akamwachia Baba. Ilikuwa chupa kubwa ya kioo, na ndani, kwenye dawa ya manjano, alikaa mnyama mwenye mikono minane na ngozi ya vipelevipele kama ya chura. Baba aliileta nyumbani kwetu, mtaa wa Kampemba, akaiweka juu ya kabati la sahani, na Mama akahamishia sahani zake jikoni.

Sisi tulikuwa watu wa bara tupu. Bahari hatukuwahi kuiona, lakini pweza yule tulimjua kuliko mbuzi wa jirani. Baba alituonyesha kwamba vikombe vya kunyonyea vimepangwa mstari mmoja katika kila mkono, wakati pweza wa pwani ana mistari miwili. Alituambia kwamba huyu hana mfuko wa wino.

“Kule chini kabisa ni giza tupu,” alisema. “Wino ni ya kufanya nini? Nani atamuona?”

Tena alitueleza juu ya jike. Hubandika mayai yake kwenye jiwe, akayafunika kwa mwili wake, akawa anayapangusa na kuyapulizia maji mapya. Haondoki. Kaa wakipita mbele yake hawagusi, hali chochote, anakonda mpaka anapauka. Mayai yakishaanguliwa, anakufa. Na kwa kuwa huko chini ni baridi kali, Baba alisema, mayai lazima yakawie sana. Leo watu wameshusha mashine zenye taa hadi huko, wakamwona mmoja ameatamia kwa miaka, mahali palepale, juu ya jiwe lilelile. Baba angefurahi kusikia hivyo.

Kilichomponza ni damu. Damu ya pweza ni ya buluu kwa sababu inabeba hewa kwa shaba, si kwa chuma kama yetu. Sasa mwambie hayo mtu wa Katanga, nchi ya migodi ya shaba, asicheke! Siku hizo sisi ambao asili yetu ni mkoa wa Kasai tulikuwa tunaambiwa barabarani turudi kwetu, ingawa mimi nilizaliwa hapohapo. Baba akasimama mbele ya darasa, akainua chupa.

“Munatafuta Mukatangais wa kweli? Huyu hapa. Iko na shaba mu damu.”

Darasa lilicheka. Kicheko kikatoka shuleni, kikafika sokoni, kikafika kwa vijana wa chama tawala cha Katanga waliokuwa wakizunguka na minyororo ya baiskeli. Walikuja kumuulizia mwalimu wa pweza. Baba hakuwepo. Walivunja dirisha, wakasema watarudi.

Jirani zetu wa Kasai walikuwa wameanza kuhama, magodoro kichwani, kwenda kwenye kambi ya wakimbizi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu. Nasi tungeondoka siku hiyohiyo. Lakini Mama alikuwa ametoka kujifungua.

Kwa Mama, mtoto hatolewi nje kabla kitovu hakijaanguka, na kikianguka huzikwa kwenye kiwanja cha nyumba. Changu kilikuwa pale, nyuma ya jiko. Cha dada yangu pia.

“Twende, mama,” Baba alimsihi. “Kitovu itaanguka kule.”

“Kule ni hema. Utaizika mu hema ya nani?” Mama alijibu. “Banasema hatuna kwetu. Basi huyu naye atazikiwa kitovu hapa, kama benzake. Kisha tutaenda.”

Baba alinyamaza. Ndiyo mara pekee ninayokumbuka.

Tukangoja. Mama alikaa chumba cha ndani, pazia limeshushwa, mtoto kifuani. Bukari, yaani ugali, na matamba, majani ya muhogo, alivyoletewa alionja kidogo, akaturudishia sahani, kwa sababu chakula kilikuwa kimeadimika nyumbani. Mashavu yake yalibonyea. Nami nilijua kinachofuata, maana nilikuwa nimefundishwa vizuri mno juu ya pweza jike: kitovu kikianguka, Mama atakufa. Nilikaa mlangoni nikimtazama, akinituma maji nilikwenda mbio nikarudi mbio, nikamwomba Mungu kitovu kile kisianguke kamwe. Huku Baba naye akiomba kianguke upesi. Sijui Mungu alituelewaje.

Kilianguka asubuhi moja, Mama akimuogesha mtoto. Nilipiga yowe. Mama alinitazama kama anayemtazama mwenye wazimu, kisha akasema ana njaa, akamaliza sahani nzima ya bukari mbele yangu. Sijawahi kumpenda mtu namna ile.

Fundi seremala, Mwislamu kutoka Maniema aliyeishi mkabala nasi, alikuwa na kamioneti, lori dogo la kubebea mbao. Aliisogeza hadi mlangoni.

“Mwalimu, panda. Bale ba minyororo balikuwa kwa kona sasa hivi, miye nimebaona.”

“Endeni mbele,” Baba alisema. Tayari alikuwa ameshika jembe. “Ninazika hii, ninakuja na miguu. Si mbali.”

Seremala alitupeleka kwa njia ya mtaa wa Makomeno ili kukwepa vizuizi vya vijana wale. Tulifika kambini mchana. Mama aliketi langoni, mtoto mgongoni, akimtazama kila mwanamume aliyeingia. Jioni seremala, aliyekuwa amerudi kumfuata Baba, alifika peke yake. Alisema udongo nyuma ya jiko umefukiwa vizuri, na jembe liko hapo. Baba hayupo. Hatukumwona tena, mzima wala maiti.

Nilikuwa mtu mzima, nafundisha watoto wa watu biolojia, niliposoma lile ambalo Baba hakulitaja, au hakulijua: pweza dume hufa mapema, muda mrefu kabla mayai hayajaanguliwa. Nilimweleza Mama. Alikuwa anachambua matamba.

“Bote mulikuwa munaniangalia miye,” akasema. “Hakuna muntu alikuwa anamuangalia yeye.”