Viganja Kumi

Gunia la katani likilowa linanuka punda. Leo nimelinusa stoo, nikakaa chini kidogo.

Bwana mifugo alikuwa amemwambia baba kwamba punda wa kupandisha kahawa kwenye mlima wetu asipungue inchi arobaini mabegani. Futikamba hatukuwa nayo, ila kila mtu pale kwetu alijua kwamba kiganja, vidole vinne na gumba vikiwa pamoja, ni inchi nne. Baba akashika kamba ya punda aliyekuwa anauzwa, mama akapima kuanzia kwato, kiganja juu ya kiganja. Miaka yote kahawa ile ilipanda mlima juu ya kichwa cha mama. Mimi nilichuchumaa karibu, nikaona anavyovibana vidole mpaka vikapandana.

"Ngapi?" baba akauliza.

"Kumi," mama akajibu, bila kunitazama.

Tukamnunua. Siku ya kwanza ya kubeba, katikati ya mlima, punda akapiga magoti, akashindwa kuinuka. Baba alikuwa ametangulia. Mama akaufungua mzigo polepole, akakunja khanga na kuiweka kichwani, akaniambia nimtwike.

"Pumzika, mwenzangu," akamwambia punda.